Fizi zikitoa damu, usingoje siku za mwisho za likizo

Sisi tunaoishi ng'ambo tukirudi Mombasa likizo, daktari wa meno huwa wa mwisho: baada ya harusi, baada ya kuvuka Likoni kumwamkia shangazi. Mimi nilikwenda zikiwa zimebaki siku tatu nipande ndege, nikidhani nitasafishwa meno nusu saa nijiondokee. Daktari akachukua kijichuma chembamba chenye alama za milimita, akakipenyeza kati ya jino na ufizi huku akimtajia msaidizi wake: “Tatu, mbili, tatu... tano, sita.” Kila jino, sehemu sita.

Namba hizo ndizo uchunguzi wenyewe. Ni kina cha nafasi kati ya jino na ufizi, kwa milimita: 1 hadi 3 ni salama. Kuanzia 4, hasa damu ikitoka, huenda ufizi umeachana na jino, na eksirei itaonyesha kama mfupa unaoshika jino umeanza kuliwa. Ukimulikwa tochi tu ukaambiwa “fizi zimechoka kidogo,” omba kupimwa.

Ujanja wa maradhi haya ya fizi ni kwamba mara nyingi hayaumi. Damu kwenye mswaki, harufu isiyoisha, meno yanayoonekana kurefuka: hizo ndizo dalili. Mvuta sigara huenda asione damu kabisa. Mla tambuu naye, mate yake mekundu tayari, atajuaje? Mwenye kisukari ndiye asisubiri hata kidogo, kwani sukari ikipanda huharibu fizi, na fizi mbovu huzidi kuipandisha sukari.

Kama ni uvimbe tu, kuondolewa ukoga na kupiga mswaki sawasawa kunatosha. Mfupa ukishaliwa haurudi wenyewe. Husafishwa chini ya ufizi kwa ganzi, mara nyingi kwa awamu, kisha unapimwa tena baada ya miezi mitatu hivi. Maji ya chumvi hutuliza tu, na antibayotiki za kujinunulia dukani hazibandui ukoga.

Kwa hiyo weka miadi wiki ya kwanza. Tafuta jina la daktari kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari wa tiba na wa meno Kenya; iko mtandaoni. Akikuahidi meno ya kupandikiza safari hiyohiyo na fizi bado zinavuja damu, muage.

Na omba nakala ya vipimo na eksirei. Mimi niliondoka upande wa kulia umesafishwa, wa kushoto bado, na bila ile karatasi daktari wa huku angeanza upya.