Ukipangwa inchaji wa shifti kazualti: mambo ya kushika usiku wa kwanza

Manesi wenzangu wa Malindi, na nyinyi wa Lamu pia, hii ni ya yule aliyeangalia rosta akakuta ameandikwa inchaji wa shifti kazualti, yani msimamizi wa manesi wa zamu pale wagonjwa wa dharura wanapopokelewa, na sasa usingizi hauji. Shika hili kwanza: usiku huo kazi yako si mgonjwa mmoja, ni chumba kizima. Ukiinama dakika ishirini unatafuta mshipa wa mtoto, nyuma yako kuna mzee kwenye benchi anaanza kutokwa na jasho baridi na hakuna anayemuona, maana kila mtu anajua wewe ndo unaangalia. Najua tuko wachache na mara nyingi itabidi ushike wagonjwa wako mwenyewe, basi chukua wale waliopangwa rangi ya kijani, wa vidonda vidogo vidogo, ambao ukiwaacha ghafla hawadhuriki. Wale wa rangi nyekundu, walio hatarini zaidi, mpe nesi unayemuamini, umtaje kwa jina mbele ya wenzake kwamba mgonjwa huyu ni wake.

Fika mapema. Ripoti msipokeane mkiwa mmeketi mezani, zungukeni kitanda kwa kitanda, dripu uione kwa macho yako, mkojo uuone, karatasi ya dawa uisome. Kwenye kupanga watu, angalia pia nani ajua lugha gani, kwa sababu wa Marafa atakuja na Kigiriama chake, wa Garsen na Kipokomo au Kiorma, na huko Watamu kuna wazee wa Kiitaliano, na mgonjwa asiyeeleweka maumivu yake huandikwa vibaya.

Sasa oksijeni, na hapa naomba mnisikize vizuri. Usiulize kama iko, utaambiwa iko. Nenda fungua mwenyewe uangalie geji. Silinda ya saizi F ikiwa imejaa ina lita 1,360. Mgonjwa akiwa kwenye maski yenye mfuko kwa lita 15 kwa dakika, hiyo ni dakika 90 imekwisha, na akiwa kwa lita 10 unapata saa mbili na robo hivi. Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, foleni ya Mtwapa mwaijua, yani silinda moja kwa lita 15 haifiki. Kwa hivyo kabla ya kumtoa mtu kwenda Coast General, ile hospitali ya rufaa ya Mombasa, piga hesabu, lita za dakika moja mara dakika za safari, ongeza nusu yake, ndo ujue unapakia silinda ngapi. Geji ikisoma nusu, lita pia ni nusu. Wa Lamu kisiwani hesabu yenu inaanzia kitandani, muhesabu na boti mpaka Mokowe na kungojea pale jeti, yani gatini, kisha ndo barabara. Muulize dereva wa ambulensi mafuta, usione haya kumuuliza, na umpigie simu nesi wa kule anakopelekwa mgonjwa kabla gari halijatoka, si baadaye.

Benchi usilisahau. Aliyepewa manjano, rangi ya kati, saa mbili usiku anaweza kua mwekundu saa tatu, kwa hivyo kila nusu saa pita uwaangalie usoni, na ukimtilia mtu shaka hesabu pumzi zake dakika nzima. Mtu mzima anayepumua mara 30 au zaidi kwa dakika huyo si wa benchi, muingize ndani saa hiyo hiyo. Ukimpigia daktari wa zamu usimwambie tu mgonjwa hayuko sawa, mpe presha, mapigo, oksijeni, sukari, ulichofanya na unachotaka aje afanye. Asipokuja na hali yazidi kuharibika piga tena, kisha mpigie aliye juu yake, na kila simu iandike na saa yake.

Matatu ikianguka barabarani wataletwa wote kwa pamoja, wengine juu ya tuktuk. Wewe simama mlangoni, usiingie ndani kushona mtu. Wanaotembea watoe nje kwenye kivuli au barazani na nesi mmoja, njia ibaki wazi kwa wasiotembea. Asiyejulikana jina mpe namba, iandike kwenye plasta umbandike kifundoni, na namba hiyo hiyo iende kwenye chupa ya damu ya labu, maana damu ya kundi jingine ikiingia mwilini yaweza kuua.

Familia kwetu huja yote, mama, mashangazi, majirani, na huo ni upendo, usiwafukuze kama wezi. Mtafute mkubwa wao, mwambie, mzee wangu, wewe ndo nitakaezungumza nawe, kisha utimize, umfuate kila baada ya muda hata kama huna jipya. Mgonjwa akifariki na ni Muislamu, jamaa watataka kumzika haraka, na ikiwa ni ajali kuna polisi na karatasi kwanza. Waeleze hilo mapema wewe mwenyewe, kwa upole na mkiwa mmeketi, usimuachie mlinzi wa geti awaambie, na hapo hapo anza kuwapigia polisi ili wasicheleweshwe bure.

Asubuhi kabla ya kuondoka hesabuni mofini na pethidini ya kabati la DDA, lile la dawa kali za maumivu linalofungwa kwa funguo, nyinyi wawili, wewe na anayekupokea, chupa kwa chupa na rejesta mkononi. Ikipungua hata moja hakuna kwenda nyumbani mpaka ijulikane ilipewa nani. Akishasaini, mpe funguo mkononi, usimuachie mezani.