Ukiitwa kukaa asesa Mahakama Kuu: hatua kwa hatua

Wengi wetu huku Uganda juri tumeiona kwenye filamu za Marekani, watu 12 wanajifungia chumbani wanatoka na uamuzi, basi tunadhani na kwetu ni hivyo. Sivyo. Kwetu kuna maasesa, raia wa kawaida wanaosikiliza kesi na jaji na kumpa maoni yao, wale Watanzania wanawaita wazee wa baraza. Kenya waliwaondoa 2007, sisi bado tunao kwenye kesi za jinai za Mahakama Kuu, zile nzito za mauaji na kadhalika.

Hatua ya 1. Jicheki kama unafaa. Uwe raia, miaka 21 mpaka 60, na Kiingereza ukifuate vizuri maana ndo lugha ya koti, yaani mahakama.

Hatua ya 2. Mshitakiwa akikana shtaka ndo jaji anachagua maasesa, wawili au zaidi. Kabla hujaapa upande wowote unaweza kukupinga. Kama marehemu ni shemeji yako, ama mshitakiwa mna ugomvi wa shamba, sema mapema usingoje kuumbuliwa.

Hatua ya 3. Njoo kila siku, hapa sibembelezi mtu. Ukikosa siku ya ushahidi kesi inaweza kuendelea na waliobaki, lakini wewe huwezi kurudi kesho ukatoa maoni juu ya shahidi ambaye hukumsikia. Mkikosekana zaidi ya mmoja inabidi ianze upya na maasesa wengine, na mshitakiwa yuko rimandi, yaani mahabusu, anangoja.

Hatua ya 4. Sikiliza, tena sana. Chukua shahidi anasema alimtambua mwizi usiku, analia, na wewe roho inakuuma. Machozi yaweke pembeni kwanza. Mwanga ulitoka wapi, ni tadooba, ile taa ndogo ya mafuta, iliyokuwa mezani ama mbalamwezi? Walikuwa mbali kiasi gani, alimwona kwa muda gani, alikuwa anamjua kabla? Jaji mwenyewe atawakumbusha haya akiwafupishia kesi. Na serikali ndo inatakiwa kuthibitisha, mshitakiwa akikaa kimya usimhesabie kosa.

Hatua ya 5. Maoni. Mnaruhusiwa kwenda pembeni mkashauriana, halafu kila mmoja anasema yake kwa mdomo na yanaandikwa. Usiseme tu ana hatia ukakaa, taja shahidi uliyemwamini na kwa nini.

MASWALI

Mama Zena, Arua: Mzee, nasikia jaji hafungwi na maoni yetu, si tunapoteza muda tu?

Jibu: Hafungwi kweli mama. Lakini akienda kinyume na nyinyi lazima aandike sababu kwenye hukumu, na kesi ikikatiwa rufaa majaji wa juu watazisoma. Ndo maana nasisitiza useme sababu zako, maoni matupu ni rahisi kuyapita.

Kijana wa Bombo: Shikamoo mzee. Kiingereza changu cha kuungaunga, na Kiswahili si ni lugha rasmi?

Jibu: Marhaba mwanangu. Ni lugha rasmi ya pili kwenye katiba tangu 2005, ila koti bado inaenda kwa Kiingereza. Kama hufuati sema kabla ya kuapa, kuna mtu maisha yake yote yako hapo kizimbani.

Hadija: Ndugu wa mshitakiwa akinipigia simu je?

Jibu: Kata, halafu kesi ikiitwa tena mwambie karani wa koti amfikishie jaji kabla hamjaanza. Hela wakikuletea usiguse, hata ya soda.