Stata inazungusha lakini gari haliwaki: pima kabla hujaagiza spea

Kubahatisha spea ukiwa Mtwara ni ghali kuliko ukiwa Kariakoo. Duka la mjini likikosa, kifaa kinasafiri zaidi ya kilomita 550 kutoka Dar es Salaam, na kikishafungwa na kuguswa umeme hakuna muuzaji atakayekipokea tena. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilipokatika kule Somanga, hata hilo basi la kuleta spea halikupita. Ndiyo maana kwangu kupima kunatangulia, pochi inafuata.

Nazungumzia magari ya zamani tunayoyaona kila siku: Corolla, Carina na Mark II za miaka ya 1990, yenye disitibyuta, yaani kifaa kinachogawa moto kwa kila plagi. Dizeli nitaigusa mwishoni. Injini ya petroli inataka moto wa plagi, mafuta na mgandamizo ndani ya silinda, vyote kwa wakati wake. Kazi yako ni kujua kipi kimekosekana.

Andaa testa ya taa ya volti 12, mita ya umeme, spana ya plagi, plagi moja nzima ya akiba, kipande cha waya, chupa ya kioo na mtu wa kukushikia ufunguo. Vuta handibreki, gia iwe huru.

Hatua ya 1: Sikiliza stata kabla ya kufungua chochote

Ikizunguka kwa uzito, tatizo linaweza kuwa betri tu. Betri iliyojaa na kupumzika inasoma karibu volti 12.6. Ukipiga stata isishuke chini ya 9.6 hivi, kwa sababu stata ikila umeme wote, koili, inayozalisha umeme mkali wa plagi, haibakiwi na kitu. Safisha vichwa vya betri, kisha ufuatilie waya wa ethi (unaotoka kwenye hasi ya betri) mpaka unapofungwa kwenye injini. Magari yanayolala karibu na bahari, kuanzia Shangani hadi Mikindani, chumvi inauma sehemu hiyo kimyakimya.

Ikizunguka upesi isivyo kawaida, laini, bila ile mipigo ya kubana, acha stata na uruke hadi hatua ya 5.

Usishike stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Ipumzishe walau nusu dakika.

Hatua ya 2: Ufunguo kwenye ON, tazama dashibodi

Taa ya injini lazima iwake kabla ya kupiga stata. Isipowaka, ama globu yake imeungua ama kontroo boksi (kompyuta ya injini) haipati umeme. Kagua fyuzi ya EFI (mfumo wa kuingiza mafuta kwa umeme) na rilei yake, ile swichi inayowashwa kwa umeme, kwa testa. Usiridhike kwa macho, maana fyuzi huweza kuonekana nzima huku imekatika.

Halafu uliza kama gari lina alamu ya kufungwa mitaani au swichi ya siri. Ukinunua gari la mkononi, mwenye gari wa kwanza anaweza kuwa ameficha swichi chini ya kiti bila kukwambia. Hiyo peke yake imewatoa watu jasho bure.

Hatua ya 3: Tafuta moto

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, na ndipo wengi wanapobadilisha vitu ovyo.

Hakikisha hakuna petroli inayovuja. Chomoa waya mnene unaotoka kwenye koili kwenda katikati ya disitibyuta, chomeka plagi ya akiba mwishoni mwake, kisha laza mwili wa plagi kwenye chuma tupu cha injini. Usiishike kwa mkono: umeme wa hapo ni maelfu ya volti. Mwenzako apige stata. Unataka cheche ya bluu, yenye nguvu, inayolia. Cheche nyekundu iliyofifia haitoshi.

Moto ukiwa mzuri hapo, rudisha waya na upime kwenye waya za plagi. Ukipotea, kosa liko katikati: kifuniko cha disitibyuta, rota (kijiti kinachozunguka ndani yake) au waya zenyewe. Mteja mmoja wa Mikindani alinishushia Carina pamoja na plagi mpya. "Fundi, funga hizi, pampu nayo iko njiani." Nikamwambia, "Subiri kwanza, mzee wangu." Ndani ya kifuniko kulikuwa na unyevu na mstari mweusi mwembamba kama wa penseli, moto unapita hapo badala ya kwenda kwenye plagi. Tulibadilisha kifuniko, gari likawaka. Mvua zikianza Desemba, hiki ndicho ninachokifungua kwanza. Kikiwa na unyevu tu, kifute kwa kitambaa kikavu. Kikiwa na mstari huo au ufa, kifuniko kimekwisha.

Kama hakuna moto hata kwenye waya wa koili, ufunguo ukiwa ON gusa chanya ya koili kwa testa. Isipowaka, rudi nyuma kwenye fyuzi na swichi ya ufunguo. Ikiwaka, bana mkia wa testa kwenye chanya ya betri, ncha iguse hasi ya koili, kisha piga stata. Taa ikipepesa, koili inaamriwa vizuri lakini haitoi, kwa hiyo koili au waya wake mnene ndio wa kulaumiwa. Isipopepesa, usinunue koili. Tafuta kwenye ignaita (kifaa kinachowasha na kuzima koili) au sensa iliyo ndani ya disitibyuta. Kwa gari la zamani zaidi, kwenye platini, vile vibao vinavyofungua na kufunga umeme wa koili.

Injini nyingine zina koili ndani ya disitibyuta. Hapo anzia waya za plagi.

Toyota nyingi za wakati huo zina kiboksi cha kupimia chini ya boneti, majina yameandikwa ndani ya kifuniko chake. Unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa waya, ufunguo ON, taa ya injini itapepesa. Mpepeso mmoja, kituo, kisha miwili ni kodi ya hitilafu 12: kontroo boksi haioni injini ikizunguka. Mmoja kisha minne ni kodi 14: haipati jibu la ignaita.

Hatua ya 4: Mafuta

Toa plagi moja baada ya kupiga stata. Kavu kabisa, mafuta hayafiki. Imelowa, yamezidi: kausha plagi, kanyaga mafuta hadi chini bila kupampu, piga stata sekunde chache.

Kwenye Toyota hizi pampu mara nyingi hailii ukiweka ON tu. Inasubiri injini izunguke. Watu wanaihukumu bure. Kwenye kiboksi kilekile unganisha +B na FP, ufunguo ON, sikiliza kwenye tangi. Ikilia hapo lakini hailii ukipiga stata, shida ni rilei au amri yake. Isipolia, pima kama umeme na ethi vinaifikia kabla ya kuishusha.

Kama ulijaza mafuta ya madumu njiani kwenda Tandahimba au Nachingwea, chota kidogo kwenye chupa ya kioo na uache yatulie. Maji yatakaa chini.

Hatua ya 5: Mkanda wa taiming

Fungua kifuniko cha disitibyuta, mwenzako apige stata. Rota isipozunguka kwenye injini ambayo disitibyuta inaendeshwa na kemshafti (shafti inayofungua valvu), mkanda umekatika au umeng'oka meno. Usiendelee kupiga stata, kwani baadhi ya injini pistoni hugonga valvu na kuzipinda.

Dizeli

Hakuna moto wa kutafuta. Weka ON na usikilize "tik" ya solenoidi kwenye pampu ya nozo (inayosukuma dizeli kwenye silinda). Kimya, pima umeme wake. Kisha pampu kwa mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu. Isipokuwa ngumu, kuna mahali panavuta hewa. Ukilegeza nati ya bomba la nozo moja na kupiga stata, dizeli itoke kwa mipigo. Weka uso na mikono mbali. Moshi mweupe kwenye ekzosi maana yake mafuta yanaingia ila hayaungui: pima plagi za kupasha joto, halafu mgandamizo.

Likiwaka na kuzima

Likiwaka ukishika stata na kuzima ukiachia ufunguo, angalia swichi ya ufunguo, na kwa gari la platini, rezista ya koili. Likizima likipata joto na kuwaka likipoa, rudia hatua ya 3 palepale lilipozimia, kabla halijapoa. Ignaita na koili zinazochoka hujionyesha zikiwa na joto tu.

Ukishajua kifaa kibovu, kitoe, piga picha ya namba iliyoandikwa juu yake na kiunganishi cha waya zake, ongeza namba ya aina ya injini, ndipo umtumie mtu wa Dar.