Kupima usawa wa mielekeo katika ramani ya Planck kwa tensa ya Minkowski

Kosmolojia ya kawaida huchukulia kwamba ulimwengu hauna upande unaopendelewa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulijaribu dai hilo kwa kuangalia maumbo ya kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye joto sawa) katika ramani ya joto la mnururisho wa mikrowevu wa usuli, yaani mabaki ya mwanga wa ulimwengu mchanga, iliyotolewa na timu ya setilaiti ya Planck mwaka 2018. Kipimo chenyewe ni tensa ya Minkowski: matriki ndogo inayojumlisha mielekeo ya kontua hizo. Utahitaji Python na maktaba ya healpy, inayoshughulikia ramani za tufe.

Hatua ya kwanza: pakua ramani ya SMICA (mojawapo ya njia nne za kuitenganisha ishara hii na vyanzo vingine vya mnururisho) pamoja na barakoa inayoficha pikseli zilizochafuliwa na galaksi yetu. Ilainishe ramani hadi upana wa nyuzi 1, kisha panua kidogo mipaka ya barakoa, kwa kuwa ulainishaji huvujisha uchafu nje ya kingo zake.

Hatua ya pili: kata anga katika vipande vidogo na ukiweke kila kimoja juu ya bapa kwa projeksheni ya nomoni, inayochora tufe juu ya bapa kwa mistari inayotoka katikati ya tufe. Wengi huiruka hatua hii na kujumlisha tensa juu ya tufe zima moja kwa moja, ilhali vijenzi vyake hutegemea mahali ulipoweka ncha za majira ya tufe, hivyo jumla hiyo haina maana hadi ueleze jinsi ulivyohamisha mielekeo kutoka nukta hadi nukta. Usivifanye vipande vipana mno: nyuzi 10 kutoka katikati, projeksheni hii huvuta umbo kwa takriban asilimia 3.1 kuelekea nje na asilimia 1.5 tu kuzunguka.

Hatua ya tatu: toa wastani wa anga lisilofichwa na ugawe kwa mkengeuko sanifu ili upate uga u, kisha kokotoa miteremko yake, uₓ na u_y. Kwa kila kizingiti ν kati ya −3 na 3, chagua pikseli ambazo u yake iko karibu na ν, na ujumlishe matriki yenye u_y² na uₓ² kwenye ulalo na −uₓu_y pembeni, ukigawa kila pikseli kwa ukubwa wa mteremko wake.

Hatua ya nne: matriki hiyo ina thamani aigeni mbili, yaani namba zinazopima ukubwa wake katika mielekeo yake mikuu; gawa ile ndogo kwa ile kubwa. Uwiano huo, α, huwa 1 pale kontua zisipokuwa na mwelekeo wa pamoja, na hupungua zinapolala upande mmoja.

Hata hivyo, α iliyo chini ya 1 peke yake haithibitishi chochote. Kipande chenye kontua chache huishusha kwa bahati tu, hasa kwenye vizingiti vya mbali. Kwa hiyo, katika hatua ya tano, pitisha ramani za uigaji za FFP10 (anga bandia zilizotengenezwa na timu ya Planck kwa kompyuta) katika mchakato uleule, kwa barakoa ileile. Usiripoti sigma (idadi ya mikengeuko sanifu), kwani mgawanyo wa α umebanwa na 1 na hauna ulinganifu. Hesabu ni sehemu gani ya miigo iliyo na α ndogo kuliko ya data. Ukiwa na vipande vingi, linganisha α ndogo kabisa ya data na ile ndogo kabisa ya kila mwigo, la sivyo utapata "ajabu" kila siku.

Kelele za vipokezi nazo hazisambai sawa, kwa sababu Planck ilitazama zaidi maeneo ya ncha za ekliptiki (bapa la mzunguko wa Dunia kulizunguka Jua). Katika joto lililolainishwa hivi athari yake ni ndogo. Katika ramani za upolaishaji (mwelekeo wa mtikisiko wa mwanga) ni kubwa, na uigaji wenye kelele sare haufai kabisa. Hatimaye rudia yote kwa ramani za njia nyingine tatu, NILC, SEVEM na Commander: ishara inayoonekana katika ramani moja tu ina uwezekano mkubwa wa kutoka kwenye utenganishaji wa vyanzo.