Herufi ũ ikikatwa katikati: kurekebisha bafa kwenye iconv

Napanga vijitabu vya mazishi hapa River Road, Nairobi, na programu inayobadilisha maandishi ya familia kutoka UTF-8 kwenda UTF-16, njia mbili za kuandika herufi kama baiti, niliiandika mwenyewe kwa C. Familia moja ilifungua kijitabu, jina la mama yao, Mũthoni, liko sawa kwenye jalada na ukurasa wa pili. Ukurasa wa tatu, mahali pa ũ pana alama mbili za kuuliza. Tulichapa upya usiku uleule, lakini binti yake alikuwa ameshaliona.

Jina likitoka sawa mara nyingi na kuharibika mara moja, usihangaike na fonti. Angalia limekaa wapi kwenye faili. Bafa yangu, nafasi ya kumbukumbu ninamosomea faili kipande kwa kipande, ilikuwa ya baiti 4096. Herufi ũ ni baiti mbili, C5 na A9 kwa heksadesimali. C5 iliangukia baiti ya 4096, A9 ikabaki nje. iconv, kitendakazi cha C kinachobadilisha maandishi, ilifanya kazi yake vizuri: ilisimama kwenye C5, ikarudisha -1, errno (namba ya kosa) ikawa EINVAL, maana yake herufi haijakamilika. Lupu yangu ndiyo iliyoona -1 ikaandika alama ya kuuliza, ikasoma baiti mpya juu ya C5. A9 ilipofika peke yake, ikapata alama ya pili.

Dawa ni kutozitupa baiti zilizobaki. iconv husogeza pointa yako na kupunguza hesabu, kwa hiyo ikirudi, p, pointa ya kusomea, iko kwenye baiti ya kwanza ambayo haijabadilishwa, na baki ni idadi ya baiti zilizobaki. Zirudishe mwanzo wa bafa, usome mbele yake:

memmove(bafa, p, baki);
n = fread(bafa + baki, 1, sizeof bafa - baki, faili);
p = bafa;
baki += n;

Hapa bafa ni safu ya char, si pointa, ndiyo maana sizeof inatoa ukubwa wake. Faili ikiisha na baki bado si 0, faili imekatika, mwambie aliyeileta.

E2BIG si kosa, ni bafa ya kutolea imejaa. Andika kilichomo, rudisha pointa na hesabu yake mwanzo, uite iconv tena bila kusoma kitu. Usidhani bafa mbili za ukubwa sawa zitatosha: Gĩkũyũ ni baiti 9 kwa UTF-8, 12 kwa UTF-16. Na unakili errno kabla ya kuita fwrite, kwa sababu fwrite inaweza kuibadilisha.

EILSEQ, yaani baiti zisizo halali, ndiyo ya kukufanya usimame kabisa. Mara nyingi ni Ng’ang’a aliyechapwa kwa Windows-1252, ambako kile kikoma cha juu ni baiti moja tu, 0x92. Toa namba ya baiti, mtu aangalie. Jina la marehemu halirukwi.

Mwishoni ita iconv na NULL upande wa kuingiza, kwa ajili ya misimbo inayokumbuka hali kutoka herufi moja hadi nyingine, kama ISO-2022-JP.

Kujaribu, weka bafa zote mbili ziwe baiti 4 na utoe UTF-16LE. Gĩkũyũ itasomwa G, C4, A9, k. Kisha C5, A9, y, C5, na ũ ya mwisho imekatika mbele ya macho yako. Linganisha kwa cmp, amri ya kulinganisha faili, na matokeo ya bafa ya 4096. Yangu sasa yanalingana baiti kwa baiti.