Kliniki ya meno ndani ya nyumba ya mawe, Mji wa Kale, Mombasa

Hatua ya 1: Kibali. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na michoro lazima ipite kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mlango wa nakshi na roshani havibanduliwi. Usinunue hata msumari kabla ya hapo.

Hatua ya 2: Vyumba. Boriti za mikoko zinazobeba dari hazizidi urefu wake, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Laza kiti kwa urefu wa chumba, la sivyo msaidizi atapita upande upande kama kaa.

Hatua ya 3: Mabomba. Kiti kinataka maji, umeme, hewa ya kompresa, mvuto wa mate na njia ya maji machafu. Usichimbe sakafu. Jenga jukwaa la mbao la sentimita 15, mabomba yapite chini yake. Viti vikae chini, ghorofani weka ofisi.

Hatua ya 4: Kuta. Hapa ndipo tunapoumia. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Niliwahi kukubali kupiga saruji na vigae mpaka darini, mwenye kliniki akitaka pang'ae. Masika hayajaisha, chumvi nyeupe ikachomoza. Ukigusa kwa kidole, plasta yamenyeka kama unga. Sasa napaka chokaa, kisha nasimamisha paneli za kuoshwa vidole vinne mbele ya ukuta, juu na chini wazi, zimezibwa kwa wavu.

Hatua ya 5: Vyombo. Vichafu viingie upande huu, visafi vitoke ule. Otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, ipe maji ya distili. Ya kisima yataiziba kwa chumvi.

MASWALI

Fundi, ukuta mnene hivi hautoshi kwa eksirei?
Usikisie, ndugu yangu. Mlango na dirisha si ukuta. Mtaalamu wa mionzi apige hesabu, na mashine ipate leseni.

Kompresa yangu yanguruma, na jirani ana mtoto mchanga.
Itoe uani, Bi, ikalie mpira, ndani ya kabati lenye matundu. Isiguse ukuta mnaochangia.

Mzee wa mkongojo atapandaje ngazi za daka, ukumbi ule wa mlangoni?
Mteremko wa mbao, usiopigiliwa kwenye jiwe. Tena baraza za daka waachie wanaongoja: pana upepo, na ile mashine ya kutoboa jino haisikiki.