Kukagua Senti ya Lincoln ya 1909 yenye V.D.B.

Hii ni sarafu ya Marekani ya senti moja, yenye sura ya Rais Abraham Lincoln. Igeuze upande wa mashuke ya ngano. Chini kabisa, vikonyo vinapokaribiana, tafuta herufi V.D.B.: Victor David Brenner, mchongaji wa sarafu hii, mzaliwa wa Lithuania. Watu walilalamika kuwa zinaonekana mno, zikaondolewa siku chache baada ya sarafu kutolewa mnamo Agosti 1909. Zilirudi 1918, ndogo sana, kwenye ukingo wa bega la Lincoln.

Sasa rudi upande wa sura, utazame chini ya mwaka. Pakiwa patupu, ilipigwa kwenye kiwanda cha sarafu cha Philadelphia. Zilipigwa karibu milioni 28, kwa hiyo usitoe hela nyingi. Pakiwa na S ni ya San Francisco, zilizopigwa 484,000 tu, na hapo ndipo matapeli hujazana: hubandika S kwenye sarafu ya Philadelphia.

Pima kwanza: gramu 3.11 (iliyochakaa hupungua kidogo), kipenyo milimita 19. Lakini S ya kubandika haitakamatwa na mizani, kwa sababu sarafu yenyewe ni halali. Chukua lenzi ya mara 10, ilaze sarafu kimshazari kwenye mwanga, uzunguke shina la S. Ufa, gundi au rangi tofauti, iache. S halisi huwa na kinundu kidogo ndani ya tundu la juu. Kisha igeuze tena, utazame B ya V.D.B.: mstari wake wa kati huinama, haukai mlalo.

Usiisafishe kwa ndimu wala dawa ya meno. Itang'aa, na bei itaporomoka.